Wimbo Umetunga Wewe, Mkataba Kausoma Nani?

Haya wadogo zangu, vuteni mikeka tuongee. Barua za safari hii zimetoka upande mmoja wa nchi, na ukizisoma utadhani mlikaa kikao kwanza. Wa Nyakahura ameimba kwaya tangu shule ya Jumapili, sasa anataka kuwa mwimbaji binafsi. Wa Rulenge ana daftari zima la nyimbo alizotunga, lakini kila akilifungua nyumbani anaulizwa kama daftari linaliwa. Wa Kabanga hajui aimbe Kihangaza au Kiswahili. Na wa Lusahunga amepewa mkataba na mtu anayejiita meneja, wote Kiingereza kitupu, na ameambiwa aurudishe ukiwa na sahihi kabla ya Ijumaa.

Wewe wa Lusahunga, weka kalamu chini. Mtu mwenye nia njema na wimbo wako hashindwi kusubiri Ijumaa ipite. Nitakurudia.

Mnaniuliza kama mtu wa huko kwenu anaweza kutoka. Jamani, mkoa wenu wa Kagera ulishajibu zamani. Mwimbaji Saida Karoli alizaliwa mwaka 1976 huko Rwongwe, Bukoba vijijini, akakulia kwenye ngoma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, redio zikiwa zimejaa Bongo Fleva inayochipuka na dansi la Kikongo, yeye akaja na Kihaya chake na ngoma zake. Wimbo wake wa Maria Salome, ule ambao wengi mnauita Chambua Kama Karanga, uliimbwa na watu wasiojua hata salamu ya Kihaya. Ulichezwa harusini Dar es Salaam, ulichezwa Uganda, ulichezwa kwenye mabasi yasiyo na abiria Mhaya hata mmoja. Miaka ikapita, kanda zikatoweka madukani. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakauchukua wimbo ule wakatoa Salome, na watoto waliokuwa hawajazaliwa enzi za kanda wakaucheza kama mpya. Mwaka uliofuata Saida mwenyewe akarudi na Orugambo.

Kwa hiyo habari ya kwamba lazima uhamie Sinza ya Dar es Salaam, ubadilishe lafudhi na ujifunze kutembea kama wasanii wa video, hiyo wamekudanganya. Mwenzenu alitoka na alichokuwa nacho.

Lakini kuna upande wa pili wa habari hiyo, na ndio uliofanya nishike kalamu. Saida amesema wazi kwenye mahojiano kwamba jina lilipaa kuliko fedha zilizomfikia. Sisemi nani alikosea, kwenye hesabu za kazi zake sikuwepo. Ninachosema ni kwamba wimbo unaweza kuishi zaidi ya miaka 15, ukavuka mipaka, ukaimbwa upya na msanii mkubwa kuliko wote nchini, na bado swali likabaki palepale: nani mwenye haki ya kusema ndiyo, na nani mwenye haki ya kulipwa? Swali hilo halijibiwi siku wimbo unapovuma. Linajibiwa mapema, ukiwa bado huna jina, siku ambayo unaona aibu hata kuliuliza.

Tuje kwenye kwaya, maana barua nyingi zinaizungumzia kama jela mnayotaka kutoroka.

Mdogo wangu wa Nyakahura, hiyo kwaya unayoichoka ndiyo shule ya muziki uliyosoma bure. Wilaya jirani ya Ngara hasa ina historia nzito kwenye jambo hili. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulivuka mpaka ukaingia Bugufi, humo Ngara, mapema kuliko sehemu nyingi za Tanganyika, na ulivuka ukiwa unaimba. Wazee wenu waliimba Tukutendereza, wimbo wa uamsho huo, kwa Kiganda kabla hawajaona kinanda. Wakatoliki wa Rulenge nao wana urithi wao wa nyimbo za misa. Halafu mwaka 1994 likaja wimbi la wakimbizi wa Rwanda. Watu karibu robo milioni walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi mwishoni mwa Aprili, na Benako ikageuka mji wa mahema. Watu hawakuacha nyimbo zao ng'ambo. Mwaka uliofuata shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi likaanzisha Redio Kwizera hapohapo Ngara. Ninyi mmekulia mahali ambapo sikio la mtoto linajaa kabla hajajua kusoma.

Sasa tazama unachokijua bila kujua kwamba unakijua. Jumamosi jioni, mazoezi. Mwalimu ameandika nota ubaoni, do re mi, chaki inakatika, taa inafifia. Soprano wana raha, wao wamepewa tuni ambayo kila mtu anaijua. Wewe umewekwa sauti ya pili. Unashika noti moja kwa mistari miwili mizima, jirani yako anakuvuta kwenda juu, besi wananguruma nyuma, na wewe hutikisiki. Ukikosea, mwalimu anagonga meza kwa rula: alto peke yao! Mnaimba alto peke yenu, na sauti yenu ikiwa uchi hivyo haina hata sura ya wimbo. Lakini mkiunganishwa, nyumba nzima inasimama.

Aliyepita hapo akiingia studio, prodyuza anashangaa. Mwimbaji aliyezoea biti za kupakua mtandaoni ataimba sauti yake moja kisha ataomba watafutwe waitikiaji wa kulipwa. Wewe utajirekodi mwenyewe sauti ya kwanza, utarudi ya pili, utarudi ya tatu, na kiitikio kitajaa kama kanisa. Umeokoa hela na wimbo umebaki na damu yako.

Kwaya ina hasara zake pia, usinielewe vibaya. Inakufundisha kuificha sauti yako. Mwalimu anapenda sauti zilizoyeyuka pamoja, na mtu aliyeyeyuka miaka kumi hujikuta hajui sauti yake inafananaje. Halafu kinanda cha kanisani kinapigwa kwa kii inayowafaa soprano, siyo wewe. Kwa hiyo kabla hujafikiria studio, fanya hivi. Chukua simu, jifungie chumbani, funika kichwa kwa blanketi ili mwangwi usiingie, imba wimbo wako bila ala yoyote. Kesho yake anza chini kidogo. Keshokutwa anza juu kidogo. Sikiliza asubuhi ukiwa na akili tulivu: wapi unasikika kama wewe, na wapi unasikika kama mtu anayemwigiza msanii fulani? Kii yako ndiyo ile unayoiweza hata ukiwa na mafua. Ukiijua, hakuna atakayekupa biti lililopikwa tayari kwa kimo cha mtu mwingine, kisha akuambie sauti yako ndiyo mbaya.

Na tuni zikikujia njiani, ukitoka kisimani au ukichuma kahawa, jirekodie hapohapo. Jitumie mwenyewe kwa WhatsApp. Ukisema utakumbuka, hutakumbuka. Kuna faida nyingine: ujumbe ule una tarehe na saa, na siku akitokea mtu kudai wimbo ni wake, wewe una pa kuonyesha.

Kuondoka kwaya, je? Kwanza, nani kasema uondoke? Rose Muhando, naye wa 1976, alikuwa mwalimu wa kwaya ya Mtakatifu Maria pale Chimuli, Dodoma, kabla nchi haijamjua kama mwimbaji binafsi. Januari 2005 alipobeba tuzo za muziki wa Injili, mojawapo ilikuwa ya utunzi bora, na utunzi haukumjia usiku wa kuamkia tuzo. Mwalimu wa kwaya anatunga, anapanga sauti, anajua kipi kinawainua watu vitini na kipi kinawapeleka nje kununua maji. Mwaka 2011 akasaini na Sony Music. Njia yake ilipita kwaya, haikuiruka.

Ukiamua kweli kuondoka au kupunguza, mwendee mwalimu nyumbani kwake, siyo mbele za watu. Mwambie Mwalimu, nimeanza kutunga zangu, naomba baraka zako na masikio yako. Kisha mwone mchungaji au padri. Maneno ya kujiinua utayasikia tu, hayana dawa, ila aliyepewa taarifa mapema husengenya kwa sauti ya chini. Na hapo kuna jambo moja gumu ambalo msiliache hewani: nyimbo ulizowatungia kwaya. Umetunga wewe, kweli. Lakini kwaya ilizifanyia mazoezi, kanisa lililipia studio, na video mkaipiga kwa sare za kamati. Kaeni na kamati ya kwaya, andikeni: utunzi ni wa fulani, rekodi ile ni ya kwaya, fulani anaruhusiwa kuuimba upya au haruhusiwi. Ukurasa mmoja unatosha. Nimeona ndugu wa kanisa moja wakiacha kupeana mkono wa amani kwa sababu ya ukurasa huo ambao hakuna aliyeuandika.

Wa Kabanga, zamu yako. Unaogopa Kihangaza kitakufungia. Hebu simama hapo mpakani uangalie malori yanavyopishana kuelekea Kobero, upande wa Burundi. Ukiimba Kihangaza, Mrundi wa Muyinga anakusikia, Mnyarwanda wa Kirehe anakusikia, bila mkalimani. Mtu wa Dar es Salaam hatasikia maneno, atasikia kitu kigeni kitamu, kama alivyosikia kwa Saida. Mimi ningekushauri beti za Kiswahili na kiitikio cha nyumbani, kiitikio kifupi ambacho mtoto wa Tanga anaweza kukikosea na bado akafurahi. Ila usichanganye lugha ili upendeze. Kama wimbo ulikujia wote kwa Kihangaza, uache ulivyo.

Na wale mnaotaka kuchukua wimbo wa mavuno wa bibi au kuingiza inanga ya babu: vizuri sana, afadhali hiyo kuliko gitaa la kompyuta. Inanga ni ala ya watu wenye mashairi marefu. Kule Buhaya Profesa Mulokozi alitumia miaka kuandika tendi zinazopigiwa ala hiyo. Lakini wimbo wa jadi si mali yako kwa sababu umeusikia jikoni kwenu. Sheria yetu ya hakimiliki ina sehemu nzima kuhusu sanaa za jadi, na kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake kunahitaji ruhusa ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Uliza kwanza. Na ukimrekodi babu akipiga, mlipe babu. Kumnunulia soda si malipo.

Sasa wa Lusahunga, kalamu bado iko chini? Safi.

Sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Inasema kazi inalindwa kuanzia inapotungwa, na ulinzi unakaa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Soma tena hapo: wajukuu zako wanaweza kulipwa kwa kiitikio ulichokiokota ukichuma kahawa. Kujisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hakukupi haki, haki unayo tayari. Kunakupa ushahidi. BASATA ni habari nyingine, pale unajisajili wewe kama msanii ili ufanye kazi kihalali. Watu wanavichanganya, kisha wanalalamika.

Halafu elewa kwamba wimbo mmoja ni mali zaidi ya moja. Kuna utunzi, yaani maneno na tuni. Kuna rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio. Ukitunga wewe na mwingine akalipia studio, anaweza kudai rekodi, lakini utunzi hauhami kwa sababu amekulipia saa tatu za studio na nauli ya kurudi Lusahunga. Prodyuza aliyetengeneza biti naye ana chake. Kwa hiyo siku hiyohiyo, kabla hamjatoka mlangoni, andikeni kwa Kiswahili: wimbo unaitwaje, nani katunga maneno, nani tuni, nani biti, mgawanyo asilimia ngapi, tarehe, sahihi, shahidi. Akikataa kuandika, basi ameshakujibu. Na ondoka na mafaili yote kwenye flashi, siyo ule wimbo uliokamilika peke yake. Dai na sauti zako zikiwa zimetenganishwa na biti. Studio zinahama, kompyuta zinakufa, vijana wanaenda Mwanza wasirudi.

Mkataba wa meneja upeleke kwa wakili au mtu wa msaada wa kisheria, au hata mwalimu wa Kiingereza unayemwamini, akusomee neno kwa neno. Tafuta unakufunga miaka mingapi. Tafuta asilimia yake inakatwa kwenye nini, kabla au baada ya gharama, na gharama anazihesabu nani. Tafuta kama umeandikwa namna ya kuuvunja. Ukikuta maneno ya kwamba anamiliki kazi zako zote za sasa na zijazo, mrudishie na umshukuru kwa karatasi. Na kama hujatimiza miaka 18, huna uwezo kisheria wa kujifunga mkataba wa namna hiyo. Anayekuharakisha kusaini anajua hilo vizuri kuliko wewe.

Hili lingine nasema na wasichana, na wavulana sikilizeni. Studio nyingi za wilayani ni chumba kimoja, magodoro ukutani, mlango unafungwa ili kelele zisiingie. Nenda mchana. Nenda na mtu: dada, shangazi, rafiki wa kwaya ambaye hana haya ya kukaa saa nne akichezea simu. Akikuambia mwenzako hatakiwi humo kwa sababu anaharibu mudi, mudi ya kitu gani? Unaimba au unafanya nini? Akikudai mwili ili akumalizie wimbo, au mtangazaji akikudai ili aupige, hiyo ni rushwa ya ngono. Sheria ya kupambana na rushwa ya 2007 inaigusa katika kifungu cha 25 kwa mtu anayetumia mamlaka yake kudai hivyo, na TAKUKURU wapo wilayani. Dawati la jinsia polisi lipo. Tunza ujumbe wake, usiufute kwa aibu. Aibu ni yake.

Kuutoa wimbo wenyewe ndiyo kazi nyepesi siku hizi, sitapoteza karatasi. Toa mmoja, siyo albamu. Kwaya imewazoeza nyimbo za dakika saba. Redio haina subira hiyo, dakika tatu na nusu inatosha, na kiitikio kisikike kabla msikilizaji hajabadili stesheni. Upeleke Redio Kwizera mwenyewe, kwa mguu wako na kwa adabu, ukiwa na jina la wimbo na namba yako vimeandikwa vizuri. Upeleke Boomplay na YouTube kupitia msambazaji ambaye masharti yake umeyasoma. Na usimdharau yule kijana wa Benako au Nyakanazi anayerushia watu nyimbo kwenye memori kadi. Hakulipi chochote, najua, na ingefaa alipe. Lakini dereva wa lori akiondoka na wimbo wako Nyakanazi, jioni anakula Kahama na wimbo unalia.

Video? Acha kukodi gari la watu. Biharamulo mna boma la Wajerumani ambalo mtu wa Dar angelipia nauli kuja kuliona. Ombeni ruhusa halmashauri. Rusumo pia pazuri, ila pale ni mpakani na kuna mitambo ya umeme, ukichomoa kamera bila kibali utaeleza vizuri kituoni.

Uzinduzi ukiwa kanisani, na mgeni rasmi wa kununua nakala ya kwanza kwa bei ya ng'ombe, upange watu wakiwa wameuza kahawa. Ukiuweka msimu wa kupanda maharage, ukumbini utakuwa wewe, mama yako na mpiga kinanda. Wa Rulenge, hapo ndipo umwalike baba anayeuliza kama daftari linaliwa. Mpe kiti cha mbele, na mpe kazi ya kuhesabu sadaka ya uzinduzi. Akimaliza kuhesabu atakuwa na maswali mengine.

Nimebakiwa na nafasi ndogo, na kuna mmoja wa Biharamulo mjini anauliza kama amtaje mchumba wake kwa jina kwenye ubeti wa pili. Ameshajitambulisha kwenu? Kama bado, ubeti huo urekodi mwisho.